Hasira Hizi ni za Nani?

Juzi jioni nikirudi nyumbani, kondakta na abiria walishikana mashati ndani ya matatu kwa sababu ya chenji ya shilingi 20. Ishirini tu! Mzee aliyeketi kando yangu akatikisa kichwa: "Kijana, hizo hasira hazikuanza leo." Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki nzima. Kama hazikuanza leo, zilianza lini? Na nani ana haki ya kutuambia?

Bila kujua, mzee yule alikuwa anazungumza kama Sigmund Freud. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari huyo wa Vienna aliandika kwamba ndani ya kila mtu zinavutana silika mbili: moja inajenga na kuunganisha, nyingine inavuta kuelekea mauti. Hii ya pili isipomla mwenyewe, humgeukia jirani. Mwaka 1932 Albert Einstein alimwandikia kumwuliza kama ipo njia ya kuwaokoa binadamu na vita. Freud akajibu kwamba ukali wa binadamu haung'oleki. Labda unaweza kuelekezwa kwingine, na kutulizwa kwa mapenzi na ustaarabu. Barua hizo zilichapishwa 1933, mwaka uleule Hitler aliposhika madaraka na vitabu vya Freud vikachomwa hadharani.

Angalau Freud alisema ugonjwa ni wetu sote. Sasa tazameni mambo yalivyokuwa hapa kwetu.

Kuanzia 1938 hadi 1950, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilikuwa chini ya daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo! Mwaka uliofuata, hali ya hatari ikiwa imepamba moto tangu Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake juu ya saikolojia ya Mau Mau.

Sisemi alikuwa mfuasi wa Freud. Lakini njia ni ileile: chanzo cha vurugu kitafutwe ndani ya nafsi. Kwake, Mkikuyu alikuwa mtu aliyepoteza mila zilizomshikilia, hajaupata ustaarabu mpya, amejaa wasiwasi, bado anawaza kiuchawi. Ukisoma hivyo, shamba lililochukuliwa na kipande kilichovaliwa shingoni vinakuwa mambo ya pembeni. Mpiganaji anageuka mgonjwa, na mgonjwa haketi mezani kujadiliana. Anatibiwa. Ripoti iliunga mkono watu kukusanywa vijijini, na zaidi ya watu milioni 1 wakahamishwa kwa nguvu. Zaidi ya 1,000 walinyongwa.

Wakati huohuo kulikuwa na daktari mwingine wa akili, Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, aliyeanza kazi hospitali ya Blida, Algeria, mwaka 1953. Naye alichimba nafsi, ila hakuishia humo. Katika kitabu chake cha 1961 alimtaja Carothers na kumpinga. Alieleza kwamba mtu anayekandamizwa kila siku hubeba hasira mwilini, na asipoweza kumfikia anayemkandamiza, humrukia ndugu yake. Fanon aliwatibu walioteswa na waliotesa. Mmoja alikuwa inspekta wa polisi Mzungu aliyekuwa anawapiga mkewe na watoto wake. Hakuomba kuacha kazi ya kutesa watu. Aliomba asaidiwe kuifanya akiwa ametulia!

Kwa nini nawasumbua na madaktari waliokufa zamani? Kwa sababu mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, Wakenya zaidi ya 1,100 walipokufa, tulisikia tena lugha ya Carothers: wamepagawa, ni chuki za damu, ndivyo walivyo. Na mimi mwandishi nimo. Nimewahi kuandika "vijana wenye hasira" nikaona habari imekamilika. Sikuuliza nani aliwaahidi ardhi, nani aliwalipa, nani alikuwa amewanyima kazi.

Sitaki kuitupa saikolojia. Mzee wa kwenye matatu alisema kweli, hasira ina historia. Ila swali la Carothers lilikuwa "huyu ni mtu wa namna gani?" na la Fanon lilikuwa "huyu amefanyiwa nini?" Ukianza na la kwanza, mwenye kosa ameshapatikana kabla hujauliza lolote.

Yule kondakta alikuwa na hesabu ya mwenye gari ya kufikisha kabla ya usiku, na barabarani kulikuwa na wa kupewa kitu kidogo. Abiria naye sijui alitoka wapi na siku yake. Wote wawili walikuwa na wa kumdai. Aliyekuwa karibu ndiye aliyekamatwa shati.