Damu Kabla ya Uvimbe: Funzo la Mara katika Historia ya Utambuzi wa Mapema wa Saratani

Viashiria vya damu vya saratani ya mapafu huelezwa kana kwamba ni zao la maabara za Ulaya na Marekani pekee. Insha hii inadai kuwa swali la msingi, yaani iwapo damu inaweza kutabiri saratani kabla uvimbe haujaonekana, lilikwisha kuulizwa Afrika Mashariki nusu karne iliyopita, na kwamba jibu lake linamhusu mgonjwa wa Musoma, Bunda na Butiama leo.

Mwaka 1958, akiwa Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huo. Kati ya 1972 na 1974, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua na kuhifadhi damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda. Taarifa ya 1978 ilionyesha kuwa watoto waliokuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya virusi hivyo walikabiliwa na hatari takribani mara 30 zaidi. Hata hivyo, waliougua walikuwa 14 tu. Kiashiria kilieleza chanzo cha ugonjwa. Hakikuweza kumteua mtoto wa kutibiwa.

Hatua iliyofuata ilifanyika Mara Kaskazini. Kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa klorokwini mara mbili kwa mwezi ili kupima iwapo kupunguza malaria kungepunguza limfoma ya Burkitt. Malaria ilishuka, kisha ikapanda tena huku vimelea vikiwa sugu. Limfoma nayo ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya mradi. Hivyo uhusiano haukuthibitika kikamilifu.

Historia hii inatahadharisha kuhusu mapafu. Nchini Scotland, watu 12,208 walio katika hatari kubwa walishirikishwa katika jaribio la kupima kingamwili za saratani ya mapafu. Baada ya miaka miwili, wagonjwa waliogunduliwa katika hatua za mwisho walikuwa asilimia 58.9 katika kundi lililopimwa, na asilimia 73.2 katika kundi lisilopimwa. Mafanikio hayo hayakutokana na damu peke yake: waliokutwa na kiashiria walifuatiliwa kwa picha za CT kila baada ya miezi sita.

Mkazi wa Bunda anayekohoa, anayekonda na kutema damu ana dalili zilezile za kifua kikuu. Kipimo cha damu kinaweza kumwahisha, iwapo tu nyuma yake kuna picha, mpasuaji na dawa. Pasipo hivyo, tutakuwa tumerudia yaliyotokea West Nile: kujua mapema bila kuokoa mapema.