Fahamu saiklini, protini zinazoamua lini fangasi wa Candida azaliane na lini ashambulie

Utando mweupe mdomoni kwa mtoto mchanga. Muwasho sehemu za siri kwa mwanamke. Mara nyingi mhusika ni Candida albicans, fangasi wa jamii ya hamira.

Watu wengi wanaishi naye mdomoni na tumboni bila kujua. Lakini akiingia kwenye damu ya mgonjwa mahututi, anaweza kuua.

Sasa nini kinamgeuza kutoka mpangaji mtulivu kuwa mvamizi? Sehemu ya jibu iko kwenye protini zinazoitwa saiklini.

Saiklini ni nini?

Seli haijigawi ovyo. Kwanza inakua, kisha inanakili vinasaba vyake, halafu inavigawa kwa seli mbili.

Kazi hiyo inasimamiwa na kimeng'enya kinachoitwa Cdk1. Hiki kipo muda wote, ila peke yake hakifanyi kitu, kama pikipiki isiyo na ufunguo. Saiklini ndiyo ufunguo. Ikishikamana nacho, kinawaka. Hatua ikiisha, saiklini hiyo inavunjwa na nyingine inashika zamu.

Mwanasayansi wa Uingereza, Tim Hunt, alizigundua mwaka 1982 akichunguza mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse, ambao walichunguza mgawanyiko wa seli kwa kutumia hamira.

Candida anazitumiaje?

Kwa kawaida Candida anazaliana kwa kuchipua. Kichipukizi kinatoka ubavuni mwa seli mama, kinakua, kisha kinaachana nayo.

Saiklini za Cln3 na Ccn1 zinaanzisha safari hiyo, halafu Clb2 na Clb4 zinaimalizia. Cln3 ikikosekana, seli zinaacha kuchipua na kuvimba.

Lakini ipo saiklini nyingine, Hgc1, yenye kazi ya pekee. Hii inatengenezwa pale fangasi anapoanza kuota nyuzi, kwa mfano kwenye joto la mwili la nyuzijoto 37 penye majimaji ya damu.

Hgc1 ikiungana na Cdk1, seli inaendelea kurefuka upande wa ncha, na seli mpya zinazuiwa kuachana. Matokeo yake ni uzi mrefu unaoweza kupenya nyama ya mwili, hata kuchana seli ya kinga iliyokuwa imemmeza fangasi huyo.

Watafiti wa Singapore walieleza habari za Hgc1 mwaka 2004. Walipoondoa jeni yake, Candida aliendelea kuzaliana kama kawaida, ila alishindwa kuota nyuzi, na makali yake kwa panya yakapungua.

Kwa nini ni muhimu?

Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilimweka Candida albicans kwenye kundi la juu kabisa la fangasi hatari. Aina za dawa za kutibu fangasi walioingia ndani ya mwili ni chache, na baadhi ya fangasi wameshaanza kuwa sugu.

Tatizo kubwa ni hili: seli ya fangasi inafanana sana na ya binadamu. Sisi pia tuna Cdk1 na saiklini zetu. Dawa ya kuzima Cdk1 inaweza kumwumiza mgonjwa mwenyewe.

Ndiyo maana Hgc1 inavutia. Ukiizuia, hulazimiki kumwua fangasi, unamnyang'anya silaha tu.

Hata hivyo, dawa ya aina hiyo bado haijafika hospitalini. Zilizopo zinafanya kazi tofauti: flukonazoli, kwa mfano, inaharibu utando wa seli ya fangasi. Kuimeza bila vipimo, au kuikatisha katikati ya dozi, kunampa Candida nafasi ya kuizoea.