Sambaza ya Kivu: ni ya kwetu tangu lini?

Uliza mtu wa Bukavu ni chakula gani haiwezi kubadilishwa na ingine. Wengi watakujibu: sambaza. Bugali ya muhogo, sombe kando, na sambaza ya kukaanga yenye ilitoka ziwani asubuhi. Mletee samaki ya barafu yenye ilipita mipaka mbili tatu: atakula juu ya njaa, lakini atakwambia, "Hii haiko yetu."

Sasa tuangalie historia. Mbele ya mwaka 1958, mu Ziwa Kivu hamukuwa sambaza hata moja. Wazee wenye walizaliwa mbele ya hapo walikomaa bila kuijua.

Sababu iko mu udongo wenyewe. Zamani sana maji ya hapa yalikuwa yanaenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikafunga njia, maji yakapanda mpaka yakapata mlango mwingine kusini: Ruzizi, yenye inateremka mpaka Tanganyika. Kivu iko karibu metre 1.460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770. Samaki gani atapanda maporomoko kama yale? Kwa hiyo Kivu ilibaki na aina chache za samaki, na wengi walikaa kandokando. Katikati ya ziwa vidudu vidogo-vidogo vya maji vilijaa, bila samaki wa kuvikula vizuri.

Mbelgiji mmoja, Collart, aliona ile nafasi. Kati ya 1958 na 1960 watoto wa samaki zaidi ya 50.000 walitolewa Tanganyika na kumwagwa mu Kivu. Mwenye alitafutwa zaidi alikuwa Stolothrissa, ile ndagala yenyewe. Lakini aina mbili zilikuja pamoja, na yenye ilibaki hai ni ndugu yake, Limnothrissa miodon. Ndiyo sambaza yetu. Maana yake tunakula samaki wa kuletwa, tena siye huyo aliyetakiwa kwanza!

Miaka mingi ilipita mbele ya kumvua sana. Mwisho wa miaka ya 1970, mradi wa Umoja wa Mataifa kule Gisenyi ulisaidia kueneza uvuvi wa usiku: mitumbwi tatu zinafungwa pamoja kwa miti mirefu, taa inawaka, sambaza zinapanda kufuata mwangaza, wavu unainuliwa. Mpaka leo, zile taa zenye tunaona usiku mu ziwa ndizo hizo.

Kumbuka pia, mu 1971 Mobutu alibadilisha jina la inchi, akatuambia turudilie mambo ya asili. Wakati ule sambaza ilikuwa mgeni wa miaka kumi na kitu tu. Na jina Zaïre lenyewe lilipita mu kinywa cha Wareno, wenye walishindwa kutamka Nzadi. Muhogo na maharagi je? Vyote vilitoka Amerika. Tukianza kufukuza vya kuletwa, sahani itabaki tupu.

Basi ya kweli ni nini? Mimi naona kitu kinakuwa cha kwetu kwa kazi yenye watu wanafanya juu yake. Samaki huyu huyu alipelekwa pia Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, mu 1967 na 1968. Kule wanamwita kapenta. Damu ni moja, lakini mletee mama wa Kadutu kapenta, hatasema ni sambaza. Yenye haina mbadala ni ziwa hili, usiku wa bavuvi, na bamama wenye wanangojea kandokando ya maji mbele jua halijatoka.

Hapa ndipo penye hatari. Nyavu za kaningini, zenye matundu madogo sana, zinakamata watoto wa sambaza mbele hawajazaa. Nasikia watu wanasema: "Ikiisha tutaleta ingine, si hata hii ililetwa?" Kama mtu wa agronomia, nakataa. Kuleta kiumbe kuna bei. Kisha sambaza kuingia, Daphnia, kidudu kikubwa cha maji, kilipotea mu Kivu. Mu 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, alionekana humu, naye anakula vidudu vile vile. Huwezi kumrudisha alikotoka. Ziwa haliko shamba lenye unang'oa mbegu na kupanda ingine.

Upande wa Rwanda wanafunga uvuvi kwa muda kila mwaka ili sambaza zikomae. Samaki hajui mpaka: tukivua watoto upande wetu, tunaharibu kwa wote wawili. Tuache kununua zile ndogo-ndogo za kaningini sokoni, hata kama bei iko chini. Kama kweli tunasema haina mbadala, tuilinde kama kitu chenye hakina mbadala. Nyinyi munasema nini?