Eldred Durosimi Jones: Mwalimu wa Shakespeare Aliyeshika Usukani wa Chuo cha Fourah Bay

Miongoni mwa vyuo vya ilimu ya juu vilivyoasisiwa kwa mtindo wa Ulaya katika Afrika ya Magharibi hakuna kilichokitangulia Chuo cha Fourah Bay, ambacho wamisionari wa Church Missionary Society walikifungua huko Freetown, Sierra Leone, mwaka 1827, na ambacho orodha ya wanafunzi wake inaanza na jina la Samuel Ajayi Crowther, kijana wa Kiyoruba aliyetekwa na kuuzwa utumwani, akaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, akasoma, akafundisha, hata mwaka 1864 akawa Mwafrika wa kwanza kuvikwa daraja ya uaskofu katika Kanisa la Kianglikana. Mwaka 1876 chuo hicho kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Durham cha Uingereza, na tangu hapo kijana wa Freetown, au Lagos, au Accra, aliyetamani shahada ya chuo kikuu aliweza kuipata pasina kuivuka bahari kwenda Ulaya. Katika chuo hiki alifundisha, kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, Profesa Eldred Durosimi Jones, mtu ambaye habari zake zastahili kujulikana na wasomaji wa Kiswahili kwa sababu mbili: kwanza, alijifunza fasihi ya wageni kwa kina hata akaweza kuihukumu, badala ya kuishia kuisujudia, na pili, alipokabidhiwa ukuu wa chuo hakukubali cheo kimnyang'anye kalamu.

Jones alizaliwa Freetown tarehe 6 Januari 1925, katika jamaa ya Wakrio, kaumu iliyotokana na watu weusi walioletwa hapo kutoka Uingereza, Nova Scotia na Jamaika, wakachanganyika na maelfu waliokombolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa. Watu hao waliithamini elimu mno, kwani wengi wao walifika pwani ile hawana mali wala ukoo wa kuwategemeza, na shule ikawa ndiyo urithi wao. Alisoma katika Grammar School ya mji huo, iliyofunguliwa mwaka 1845, kisha akaingia Fourah Bay, na baada ya hapo akapelekwa Oxford, katika chuo cha Corpus Christi, alikozama katika fasihi ya Kiingereza. Aliporejea mwaka 1953 alipewa kazi ya kufundisha fasihi hiyo katika chuo kile kile kilichomlea.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi kwa Mwafrika mwenye kujiheshimu. Sierra Leone ilikuwa bado koloni, shahada zilitoka Durham, na vitabu vilivyosomwa viliandikwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza. Mwalimu wa namna hii alikuwa na njia mbili zilizokwisha kukanyagwa na wengi: ama awe mwangwi wa walimu wake, akiyarudia waliyomwambia juu ya Chaucer na Milton, ama ayatupe yote kwa hasira. Jones alichagua njia ya tatu. Aliuliza swali ambalo wahakiki wa Ulaya walikuwa wamelipita bila ya kulitupia jicho la kutosha: Waingereza wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza walijua nini juu ya Waafrika, na maarifa hayo, ya kweli na ya uzushi, yaliingiaje katika tamthilia zao?

Jawabu lake ndilo kitabu kiitwacho Othello's Countrymen, kilichochapwa na Oxford University Press mwaka 1965, na kikafuatwa mwaka 1971 na kingine juu ya sura ya Afrika katika fikra za Waingereza wa zama hizo. Wahakiki wengi kabla yake walichukulia kuwa Shakespeare na wenziwe walikuwa na habari hafifu sana za Afrika, na kwamba Mwafrika wa jukwaani alikuwa ni kinyago cha kubuni tu. Jones alikusanya ushahidi wa kinyume. Alionyesha kwamba masimulizi ya safari yaliyokusanywa na Richard Hakluyt yalikuwa yakisomwa; kwamba maelezo ya Afrika ya al-Hasan al-Wazzan, mwanachuoni wa Fez ambaye Ulaya ilimwita Leo Africanus, yalitafsiriwa kwa Kiingereza na John Pory mwaka 1600; kwamba mwaka huo huo balozi wa Sultani Ahmad al-Mansur wa Maroko alikuwa London na watu wake, akionekana kwa macho ya wenyeji; na kwamba watu weusi walikuwamo katika mji huo kwa idadi iliyoweza kumfanya Malkia atoe amri ya kutaka waondolewe. Mtunzi wa tamthilia, basi, hakuwa akiandika gizani.

Katika ushahidi huo mlikuwamo vita vya al-Qasr al-Kabir, vilivyopiganwa Maroko tarehe 4 Agosti 1578, ambamo Mfalme Sebastian wa Ureno aliuawa, na ambavyo George Peele alivifanyia tamthilia mwishoni mwa karne hiyo. Msomaji wa pwani yetu asidhani kwamba vita hivyo ni vya mbali asivyohusika navyo. Sebastian alikufa bila ya kuacha mtoto, Ureno ikaangukia chini ya mfalme wa Hispania mwaka 1580, na ilikuwa katika utawala wa mfalme huyo kwamba Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Tukio lile lile lililowapa watazamaji wa London mchezo wa kustaajabia liliacha alama yake katika historia ya Waswahili.

Lakini kipaji cha Jones hakikuwa katika kukusanya habari peke yake. Tazama jinsi alivyoisoma Othello yenyewe. Mchezo unafunguliwa usiku, chini ya dirisha la mzee Brabantio, na watu wawili wanamtukana mtu ambaye hatujamwona wala hatujasikia jina lake. Wanamfananisha na mnyama, wanamzulia uchawi na uasherati, na mtazamaji wa mwaka 1604, aliyekwisha kuzizoea tamthilia ambazo Mwafrika ndani yake ni mwovu na katili, anakaa akimngojea jahili. Kisha anaingia Othello, naye ni mtu mtulivu, mwenye haiba na maneno machache, anayewaamuru wenye panga kuzirudisha alani, na baadaye anasimama mbele ya mtawala wa Venice na maseneta wake akijitetea kwa heshima hata hukumu ikamwelekea. Jones alieleza kwamba mtunzi aliitumia dhana mbaya ya watu wake makusudi: aliiachia iseme kwanza, kisha akaikanusha mbele ya macho yao, na uovu uliozoeleka kubebeshwa Mwafrika jukwaani akamtwika Iago, mtu mweupe anayesifiwa na wote kuwa ni mwaminifu. Rai hii leo imeenea kiasi kwamba wengi huisema bila ya kujua ilikotoka, na hiyo ni heshima kubwa kwa mwanachuoni.

Wakati kitabu hicho kikitungwa, jambo jingine lilikuwa likichipuka. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala, na miongoni mwao walikuwako Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, na mwanafunzi wa chuo hicho aliyekuwa akiitwa wakati huo James Ngugi. Mwaka uliofuata wakufunzi walikusanyika Fourah Bay kujadili namna ya kuzitia kazi za waandishi hao katika masomo ya vyuo vikuu. Matunda ya mashauri hayo yalikuwa jarida dogo ambalo Jones alilihariri kutoka Freetown tangu mwaka 1964, na mwaka 1968 likazaliwa upya kwa jina la African Literature Today. Mwaka huo huo, huko Nairobi, Ngugi pamoja na Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pashikwe na idara yenye Afrika katikati yake. Hizi zilikuwa njia mbili za kufikia shabaha moja: wale wa Nairobi walitaka kuujenga upya mlango wa nyumba, na huyu wa Freetown alikuwa ndani akizipanga samani.

Jones aliamini kwamba mwandishi wa Kiafrika hana haja ya kupigiwa makofi kwa sababu tu ameandika. Ana haja ya kusomwa kwa makini, sentensi kwa sentensi, na mtu anayejua kazi yake, mwenye kuthubutu kusema hapa amefaulu na hapa ameteleza. Jarida lake lilikuwa baraza la kazi hiyo, ambamo wahakiki wa Kiafrika waliandika juu ya waandishi wa Kiafrika bila ya kungojea ruhusa wala ithibati ya London. Yeye mwenyewe alitoa mfano mwaka 1973 kwa kitabu chake juu ya maandishi ya Wole Soyinka, kilichotoka miaka minne tu baada ya mwandishi huyo kufunguliwa kutoka kifungoni Nigeria, na miaka kumi na mitatu kabla ya ulimwengu kumtunukia Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1974 Jones alifanywa Mkuu wa Chuo cha Fourah Bay, akiwafuata Waafrika wawili waliomtangulia katika kiti hicho: Davidson Nicol, tabibu na mtunzi wa hadithi, na Kasisi Harry Sawyerr, mwanatheolojia. Wadhifa huo ulikuwa na fahari, walakini ulikuja katika zama za dhiki. Rais Siaka Stevens alikuwa akizidi kukaza mkono wake juu ya nchi, naye, kwa mujibu wa desturi, alikuwa pia Chansela wa Chuo Kikuu cha Sierra Leone, ambacho Fourah Bay ilikuwa sehemu yake tangu mwaka 1967. Jumamosi ya tarehe 29 Januari 1977, katika sherehe ya kutunuku shahada juu ya mlima Aureol, kilipo chuo, wanafunzi waliinua mabango na kumzomea Chansela wao mbele ya wageni. Jumatatu yake wahuni wa chama kinachotawala walipanda mlimani, wakawapiga wanafunzi na kuharibu mali. Ghasia zikaenea katika shule za nchi nzima, serikali ikatangaza hali ya hatari, na katika mwezi wa Mei ikalazimika kufanya uchaguzi. Lakini mwaka 1978 nchi iligeuzwa kuwa ya chama kimoja kwa sheria.

Mkuu wa chuo katika hali kama hiyo husimama baina ya moto na maji. Wanafunzi humwona ni mtu wa serikali, na serikali humwona ni mlezi wa waasi. Mishahara ya walimu na vitabu vya maktaba hutoka katika hazina ya wale wale waliozomewa. Na hazina yenyewe ilikuwa ikikauka, hasa baada ya mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanywa Freetown mwaka 1980 kwa gharama kubwa. Jones alidumu katika kiti hicho miaka kumi na mmoja, hata alipostaafu mwaka 1985, mwaka ule ule ambao Stevens naye aliachia madaraka, na katika miaka hiyo yote jarida lake halikukoma kutoka.

Fauka ya hayo, katikati ya uongozi wake alikamilisha, pamoja na Clifford Fyle, mtungaji wa maneno ya wimbo wa taifa wa Sierra Leone, kamusi kubwa ya Kikrio na Kiingereza, iliyochapwa mwaka 1980. Kikrio ni lugha ya mama ya Wakrio na lugha ya masokoni ya taifa lao, na kwa muda mrefu wasomi waliidharau na kuiita Kiingereza kilichovunjika. Mwandishi wa magazeti Thomas Decker alikwisha kuitetea kwa kuifasiri Julius Caesar ya Shakespeare katika lugha hiyo mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuifasiri tamthilia iyo hiyo kwa Kiswahili. Kamusi ya Fyle na Jones ilikuja kuuhitimisha utetezi huo kwa hoja ya ilimu, na ni jambo la kutafakariwa kwamba mmoja wa waliousimamia alikuwa profesa wa Kiingereza, aliyetegemewa na wengi kuwa mlinzi wa lugha ya watawala.

Macho yake yalipofifia, na hatimaye akapofuka, kazi haikusita. Mkewe, Marjorie Jones, alimsomea kwa sauti makala yaliyotumwa na waandishi, yeye akasikiliza, akahukumu, akatamka masahihisho, na bibi akayaandika. Hata jina la bibi likaingia katika jalada la jarida kuwa ni mhariri pamoja naye. Kwa namna hiyo walitoa matoleo juu ya waandishi wanawake, juu ya ushairi simulizi na ule ulioandikwa, na juu ya suala la lugha katika fasihi ya Afrika, wakaendelea mpaka mwanzoni mwa karne hii, ndipo Ernest Emenyonu wa Nigeria akaupokea uhariri. Mwaka 2012 kilitoka kitabu cha maisha yake, The Freetown Bond, alichokiandika kwa msaada wa mkewe huyo huyo. Alifariki mwezi wa Machi 2020, akiwa na umri wa miaka 95.

Ukipima maisha hayo, ukuu wa chuo ulichukua miaka kumi na mmoja, na uhariri zaidi ya thelathini. Na ingawa cheo ndicho kilichompa fahari, uhariri ndio ulioipa Afrika desturi ya kujihakiki. Sisi wa Kiswahili tuna washairi, watunzi wa riwaya na watunzi wa tamthilia wasiozidiwa na wa lugha yoyote barani, na tumepata majarida mema, kama Mulika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1971. Lakini wahakiki wenye kudumu ni haba, na kila msomi anayepandishwa cheo aghalabu huwa tumempoteza. Wenye kuvitawala vyuo vyetu wawaachie maprofesa wao wanaopewa ukuu nafasi ya kusoma na kuandika, na maprofesa nao wasiikubali kazi ya ofisini bila ya sharti hilo.