Picha Zilivyoingia katika Hadithi za Darasani

Mwalimu aliyezianzisha hadithi za kijamii, yaani hadithi fupi za kumweleza mtoto mwenye usonji mambo ya kila siku, ni Bi. Carol Gray wa shule za Jenison katika jimbo la Michigan, Marekani, naye hakuzikusudia hapo awali ziwe na picha; na habari ya namna picha zilivyoepukwa, kisha zikakaribishwa, yastahili kusimuliwa, kwa kuwa yatuonyesha jinsi walimu walivyojifunza kumfuata mtoto badala ya kumlazimisha awafuate wao.

Baada ya Dakta Leo Kanner wa Baltimore kuwaeleza, mwaka 1943, watoto 11 wenye hali aliyoiita usonji, ilipita miaka mingi ambayo wengi wa watoto wa namna hii walikosa nafasi madarasani, na mama zao, kwa dhuluma iliyo kubwa, wakatuhumiwa kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio uliowaletea wana wao hali ile. Mwanasaikolojia Eric Schopler, huko Chapel Hill katika jimbo la North Carolina, aliikanusha tuhuma hiyo, akawafanya wazazi washirika wake; na katika TEACCH, mpango wake wa kuwafundisha watoto hawa, uliopewa idhini ya jimbo mwaka 1972, ratiba za picha zikawa nyenzo ya kila siku, kwani ilikwisha kudhihirika kwamba wengi wa watoto hawa hushika upesi kwa jicho kuliko kwa sikio.

Hadithi za Bi. Gray zilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na makala aliyoiandika pamoja na Joy Garand ikatoka mwaka 1993. Wao waliwafikiria zaidi wanafunzi waliojua kusoma, na picha wakaziepuka, wakichelea zisimshughulishe mtoto akaiacha maana, au asidhani kwamba habari ni ya pale pichani tu: mathalani, akionyeshwa foleni mbele ya mlango mwekundu, asitambue kwamba mbele ya mlango wa buluu hupangwa foleni vilevile. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mtoto wa miaka minne asiyejua herufi atafaidi nini kwa ukurasa wa maandishi matupu? Ndipo walimu wa watoto wadogo wakatia michoro na picha za kamera, na Bi. Gray mwenyewe akaja kuziridhia, mradi ziwe wazi na zimwelee mtoto.

Kijitabu cha hadithi ya namna hii ni chepesi, na kila ukurasa una picha moja na maneno machache, kwa sauti ya mtoto mwenyewe: Kengele ikilia, watoto hupanga foleni. Aghalabu mwalimu humchagua wa kutangulia. Pengine atakuwa mwenzangu. Nitajaribu kungoja zamu yangu. Neno “aghalabu” halikuwekwa ovyo, maana mtoto aliyeambiwa “daima” ataliamini neno hilo kama lilivyo, na siku mambo yakienda kinyume atafadhaika. Kadhalika, kwa kila sentensi ya kumwelekeza, Bi. Gray alitaka ziwepo mbili hadi tano za kueleza, ili hadithi isigeuke kuwa orodha ya amri.

Na kanuni ya Bi. Gray ambayo kwa rai yangu ndiyo bora kuliko zote, ingawa ndiyo isahauliwayo upesi, ni ile isemayo kwamba angalau nusu ya hadithi anazoandikiwa mtoto zimsifu kwa yale ambayo tayari anayafanya vyema.