Mtihani aliouhepa Huffman

Wasomaji, kila mkibana faili kuwa ZIP, mkumbukeni David Huffman. Mwaka 1951 alikuwa akisomea uhandisi wa umeme MIT, Marekani. Profesa Robert Fano aliwaambia wanafunzi wachague: mtihani, au insha ya kutafuta njia fupi kabisa ya kuandika herufi kwa 0 na 1. Hakuwaambia kwamba yeye na Claude Shannon ilikuwa imewashinda.

Huffman alihangaika miezi kadhaa. Kisha akaanzia chini: unganisha herufi mbili adimu zaidi, rudia mpaka ubaki na mti mmoja. Herufi zinazojirudia sana hupata biti chache.

Baadaye akawa profesa, akafariki 1999. Alisema huenda asingejaribu kama angejua. Mimi nami, programu ikinigomea, siulizi kwanza imewashinda akina nani.