Bunduki na donge la nyama: neno moja lililopita njia mbili

Katika inchi ya Meksiko kuna chakula kinachoitwa albóndigas. Ni nyama iliyosagwa, ikaviringwa madonge madogo, ikapikwa ndani ya muchuzi wa tomati na pilipili kali. Si chakula cha sikukuu. Ni chakula cha nyumbani, kile mama anapikia watoto katikati ya juma. Lakini jina lake halikuzaliwa Meksiko. Ni la Kiarabu, na kila musemaji wa Kiswahili anajua ndugu ya neno hilo: bunduki.

Waarabu waliita bunduq kokwa moja ndogo ya mviringo inayoliwa. Kwa ajili ya umbo lile, neno likatumika pia kwa kitu chochote kidogo kilichoviringwa. Likagawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ilifuata risasi, kwa sababu risasi za zamani zilikuwa vidonge vya mviringo. Ndiyo sababu Kiswahili kina bunduki. Njia ya pili iliingia jikoni. Donge la nyama likaitwa al-bunduqa, na midomoni mwa Wahispania likageuka albóndiga.

Wahispania walilipata kwa majirani. Tangu mwaka 711 Waislamu walitawala sehemu kubwa ya Hispania, na humo waliishi Waislamu, Wayahudi na Wakristo. Wafalme Wakristo walizirudisha sehemu hizo mikononi mwao muji kwa muji, na kila muji ulipobadilisha mutawala, kulikuwa watu waliofunga mizigo.

Mumoja wao alikuwa Ibn Razin al-Tujibi, muzaliwa wa muji wa Murcia. Murcia uliingia chini ya mufalme wa Castilla mwaka 1243. Ibn Razin aliondoka akiwa kijana, akavuka bahari, na mwishowe akakaa Tunis, Afrika ya Kaskazini. Huko ugenini aliandika kitabu kikubwa cha mapishi ya kwao. Kitabu kile kingali kinasomwa hata leo.

Waliobaki Hispania hawakupata amani. Mwaka 1492 Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu, ulianguka, na mwaka ule ule Wayahudi waliamriwa wabatizwe ao watoke. Kwa waliobatizwa, hata sufuria ikageuka shahidi: mutu aliyekataa nyama ya nguruwe, ao aliyepika kwa mafuta ya zeituni pahali pa mafuta ya nguruwe, aliweza kushitakiwa kwamba angali anashika dini ya zamani kwa siri. Kisha, kati ya mwaka 1609 na 1614, wazao wa Waislamu karibu 300,000 walifukuzwa, ijapokuwa walikuwa wamekwisha kubatizwa. Watu walifukuzwa, lakini chakula chao kilibaki mezani pa waliowafukuza, na jina lake la Kiarabu likabaki nacho.

Wahispania hao ndio waliokipeleka ngambo ya bahari. Hernán Cortés alifika Meksiko mwaka 1519. Tarehe 13 mwezi wa nane 1521, Tenochtitlan, muji mukuu wa Waazteki, uliangushwa kisha kuzungukwa kwa miezi, huku njaa na ndui vikiua watu ndani. Wageni walileta ngombe, nguruwe, vitunguu, kitunguu saumu na muchele, vitu ambavyo inchi ile haikuwa navyo. Lakini muchuzi walikuta. Padri Bernardino de Sahagún, aliyeandika desturi za wenyeji katika karne ile, alieleza wachuuzi wa soko waliouza michuzi ya tomati na pilipili. Neno lenyewe "tomati" linatoka katika luga yao, Kinahuatl.

Vivyo hivyo chipotle, pilipili inayopendwa sana katika chakula hiki. Jina lake maana yake ni pilipili ya moshi. Pilipili nene ikianikwa tu kwenye jua inaweza kuoza mbele ya kukauka; kwa hiyo wenyeji waliikausha juu ya moshi, kama samaki wanavyokaushwa kando ya maziwa ya Kongo.

Mupaka leo namna ya kupika inaonyesha njia yote ile. Nyama ya ngombe, mara nyingi na ya nguruwe, inachanganywa na yai, muchele ao mukate uliovunjwavunjwa ili donge lisipasuke, pamoja na kitunguu saumu, majani ya nanaa na jira. Tomati zinachomwa, zinasagwa pamoja na chipotle, kisha zinakaangwa na kuongezewa maji. Muchuzi ukichemka, madonge yanaingizwa, moto unapunguzwa, na yanaachwa karibu nusu saa. Nanaa na jira zilivuka bahari pamoja na Wahispania. Tomati na pilipili zilikuwa za wenyeji.

Vitu vya Meksiko na Amerika vilifika Kongo pia. Wareno walifika kwenye mulango wa muto Kongo katika miaka ya 1480, na kisha, kupitia biashara yao, ile iliyobeba pia watumwa, vikaingia muhogo, mahindi, tomati na pilipili. Sombe yenyewe, ambayo leo hakuna anayeiita chakula cha kigeni, ni majani ya muti uliotoka Amerika.

Historia hii haisemi kwamba kukimbia ni kuzuri. Waliotoka Murcia na Granada hawakurudishiwa nyumba zao, na Tenochtitlan haukusimama tena. Inasema jambo dogo zaidi: ujuzi wa mikono hauchomwi pamoja na nyumba. Wapishi wengi waliouhifadhi hawajulikani majina, lakini Ibn Razin anajulikana, kwa sababu aliandika. Katika kambi nyingi leo kuna mama anayejua chakula cha kijiji ambacho hakuna mutu amekilala tena, na kuna mutoto anayejua kuandika. Kinachohitajika ni daftari moja, mbele mama hajachoka kusimulia.